Historia ya Mhandisi Nolfa Barrientos, Aliyefunga Torpedo Chini ya Mbawa

Padre, shemeji yangu Tulio, wapwa zangu Maite na Bastián, majirani wa Quilpué na nyote mliotoka mbali kuja kutushika mkono, mimi ni Eliecer Barrientos, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, hata pale yanapotia kichefuchefu, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuyapaka sukari.

Dada Nolfa alizaliwa tarehe 3 Machi 1956 huko Achao, katika visiwa vya Chiloé, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Baldomero, fundi wa majiko ya kuni, na marehemu mama Ema. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Achao, akaendelea na sekondari mjini Castro, na mwaka 1975 akavuka kuja Valparaíso kusomea uhandisi wa umeme, akiwa msichana pekee darasani, na alipohitimu mwaka 1981 baba alimchinjia kondoo na kuwaambia majirani, “Huyu sasa atanifundisha kazi,” ingawa hakumruhusu hata siku moja kugusa jiko la mteja.

Tarehe 18 Februari 1984 alifunga ndoa na Tulio Cárcamo, mwoka mikate, hapa hapa Quilpué, na Mungu akawajalia watoto wawili, Maite mwaka 1986 na Bastián mwaka 1990.

Mwaka 1987 aliajiriwa na kampuni iliyopewa kandarasi ya kufunga makombora na torpedo, yaani yale yanayopiga chini ya maji, kwenye ndege za doria ya baharini, zile zinazozunguka juu ya maji kutwa nzima zikitafuta nyambizi, na wengi mtajiuliza kuna ugumu gani katika kutundika kitu chini ya bawa. Dada alikuwa akitueleza mezani kwamba kutundika ni rahisi, kazi ni kuachia, kwa sababu ndege lazima iliambie kombora liko wapi na linakwenda wapi kabla halijaondoka, na torpedo hushikwa na kulabu mbili ambazo zisipofunguka kwa pamoja, ndege inabaki na mzigo unaoning'inia upande mmoja.

Mwaka 2003 kampuni iliandaa maonyesho ya kurusha kombora na kudondosha torpedo katika safari moja, mbele ya wageni wakubwa, na dada alikuwa ameshaona katika majaribio kwamba kulabu ya nyuma inakwama ikipigwa na baridi ya juu, akaomba maonyesho yaahirishwe. Mkurugenzi wake, Don Gastón Urmeneta, alimjibu mbele ya wenzake, “Nolfa, mama, wageni wameshaalikwa, kulabu yako tutaibembeleza wiki ijayo,” watu wakacheka, na dada alipokataa kuidhinisha ndege ile iruke, akatafutwa mhandisi mwingine wa kuidhinisha.

Tarehe 14 Novemba 2003 kombora liliondoka vizuri na wageni wakapiga makofi, kisha rubani, kapteni Fermín Antilef, akaamriwa aachie torpedo ya mfano, isiyo na baruti lakini yenye uzito kamili, kulabu ya mbele ikafunguka, ya nyuma ikakwama, na torpedo ikaning'inia kichwa chini ikipiga ubavu wa ndege. Kapteni alijaribu kila njia kuitupa baharini, haikutoka, na wakati wa kutua ilikwaruza njia, ndege ikapinduka upande, na sajenti Amador Saldivia, aliyekuwa ameketi upande ule kwenye mitambo ya kusikiliza nyambizi, akafariki, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja.

Kabla sajenti hajazikwa, Don Gastón aliwaambia waandishi kwamba rubani alibonyeza kitufe cha kuachia mapema. Dada alisikia redioni akiwa anamenya viazi, akaweka kisu chini, akamwambia Tulio, “Huyu mtu ananuka,” na mbele ya tume ya uchunguzi alisema, “Rubani alibonyeza alipoambiwa, kulabu ndiyo iliyokataa, na Don Gastón nilimwambia uso kwa uso.” Kapteni Antilef alisafishwa jina, dada akafukuzwa kazi, na miaka miwili baadaye kulabu ikatengenezwa upya kama alivyopendekeza, ila aliyevishwa nishani kwa ajili yake ni Don Gastón, na siku ile dada alizima televisheni akaenda kunawa mikono kwa sabuni, ingawa hakuwa ameshika kitu.

Kuanzia mwaka 2005 alifundisha fizikia katika shule ya ufundi huko Villa Alemana, na wanafunzi wake wengi nawaona hapa.

Mwezi Oktoba 2017 alianza kuumwa tumbo, ikagundulika ni saratani ya kongosho, na akiwa kitandani alikuja kijana wa kampuni kumwomba aseme maneno machache kwenye filamu ya jubilei yao, dada akamwambia kwa upole, “Mwanangu, waambie nimeshakufa.” Alifariki kweli tarehe 2 Agosti 2018, nyumbani, Maite akiwa amemshika miguu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliotupikia, walimu wenzake, na mafundi wa zamani wa kampuni waliokuja bila kuogopa kuonekana. Lile shada kubwa la kampuni, lenye utepe ulioandikwa “Kwa mwenzetu mpendwa”, mmeliona limewekwa nje karibu na mapipa ya taka, na aliyeliweka pale ni mimi. Don Gastón, nakuona umesimama hapo nyuma, familia haikufukuzi, lakini uliomba kushika jeneza, na nafasi zote zimejaa: mbele atashika kapteni Antilef, na pembeni yake mama yake sajenti Saldivia, ambaye ana miaka themanini na moja na amekataa kukaa kwenye kiti.

Lala, dada Nolfa, ulishasema ulichokuwa nacho.