Girija Hallikeri, Aliyekataa Kuupitisha Mkia

Tarehe 31 Mei, Bi. Girija Hallikeri anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu ya vipuri vya ndege hapa Bengaluru. Kwa miaka hiyo amepasua vipande zaidi ya elfu kumi na moja vya kaboni, na urefu wa kila ufa ameuandika kwa mkono wake.

Alikuja kutoka Dharwad na stashahada ya ufundi mitambo. Siku ya kwanza alipewa meza ya kupiga taipu. Siku ya tatu alikuwa katika chumba cha mashine, akimwonyesha fundi mkuu kwamba taya za mashine zimekaa upande.

Kazi yake ni hii: ubao mwembamba wa nyuzi za kaboni, tabaka ishirini na nne zilizoshikana kwa gundi na kuokwa, hubandikwa bawaba mbili nchani. Mashine huzivuta, tabaka zikaanza kuachana, naye Akka, yaani dada, kama tunavyomwita sote, huufuata ufa kwa lenzi, milimita kwa milimita. Ili auone vizuri, huupaka ubao ubavuni wino mweupe wa kufutia makosa. Karani wa stoo aliwahi kuuliza kwa barua kwa nini maabara inakosea kuandika kiasi hicho!

Lakini kubwa kuliko yote ni habari ya mkia wa ndege ya mafunzo. Zilibaki wiki nane irushwe mara ya kwanza, na vipande vya majaribio vilivyookwa pamoja na mkia huo vikapasuka kabla hata ya kufika theluthi mbili ya nguvu inayotakiwa. Mimi nilikuwa mmoja wa wasanifu, nikashuka maabara nimefura.

“Akka, gundi ya bawaba zako imelegea.”

“Bawaba hizo hapo, Somashekar, zimekaa. Kilichoachia ni kaboni yako.”

Alirudia vipande kumi na viwili mbele yetu. Majibu yakawa yale yale. Mkuu wa mradi, Bwana Raghunandan, akaja na fomu ya kuupitisha mkia.

“Weka sahihi tu, Girija. Huko angani nani atauvuta mkia kwa bawaba?”

“Sir, nikiweka sahihi, mama wa rubani nitamwambia nini?”

Akaondolewa kwenye mashine, akapelekwa stoo. Alikwenda na lenzi yake na vipande vilivyovunjika, akavichunguza siku tisa. Siku ya kumi aliingia kwenye kikao bila kuitwa, akavimwaga mezani katikati ya vikombe vya chai.

“Tazameni uso wa ufa. Una vishimo kama chapati ya dosa. Hapa ulipita mvuke.”

Akaeleza kwamba kaboni mbichi hutunzwa kwenye friza, na mfuko wake ukifunguliwa kabla ubaridi haujaitoka, hutoa jasho. Unyevu huo ukiingia kwenye tanuri hugeuka mvuke na kuzitenga tabaka. Daftari la karakana likaletwa. Kaboni ya mkia ilitolewa kwenye friza saa mbili asubuhi, ikakatwa saa tatu kasorobo, badala ya kungojwa kwa muda wa saa sita nzima. Raghunandan alichungulia kwenye lenzi, akaichana fomu yake mwenyewe.

Mkia ulikatwa kwa msumeno. Ndani, tabaka zilikuwa zimeachana, mahali pengine kwa upana wa kiganja.

Akka akarudishwa kwenye mashine yake, na mkia mpya ulipita kipimo na kuzidi. Siku ya kuruka, ndege ilizunguka uwanja mara tatu na kutua salama. Rubani alishuka, akawapita wakurugenzi wote na mashada yao, akainama kugusa miguu ya Girija kwa heshima.

“Inuka, inuka! Kuna wakubwa hapa!” Akka alisema, huku machozi yakimtoka.

Leo, kila asubuhi wanafunzi wa urubani hupita juu ya paa letu, na wengi wao hawalijui jina lake. Sisi tunalijua. Asante, Akka. Uwe na afya, uwe na furaha, na usiwe na haraka ya kitu chochote.