Wimbo Alioupenda Marehemu

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, majirani zetu wa Kilburn na ninyi mliotoka mbali, familia inawasomea maisha ya ndugu yetu Hillary Mwakio Mghanga kama yalivyokuwa, na tarehe zote zimelinganishwa na vyeti.

Hillary alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Wundanyi, Taita, mtoto wa tatu wa mwinjilisti Jonathan Mghanga na Mama Wakesho, akifuatwa na mdogo wake wa kike, Mkawasi. Alisoma shule ya msingi palepale kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari mjini Voi, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1974, na Januari iliyofuata akaajiriwa karani wa mizigo katika stesheni ya reli. Mkabala na stesheni palikuwa na duka la baba wa rafiki yake Chandrakant, rafiki ambaye leo amekuja kutoka Kingsbury na ameketi safu ya tatu, na dukani humo mlikuwa na redio kubwa juu ya kabati la sabuni, na vijana hao wawili walisimama hapo kila jioni wakibishana mpiga gita yupi apigaye solo vizuri kuliko mwenzake, Hillary akishikilia kwamba ukitaka kumjua mtu usimwulize kabila wala dini, mwulize redio yake huishia kituo gani.

Mwaka wa 1979 aliacha kazi ya reli, akaenda Mombasa kupiga gita la solo katika bendi ya Ronge Jazz, na baba yake alipopata habari alituma neno kwa kinywa cha mtu, "Mwambieni huyo mpiga gita asije kunizika." Mzee alifariki tarehe 2 Juni 1984, na Hillary alikuja hivyo hivyo, akasimama nje ya ua wa michongoma mpaka kaburi lilipofunikwa, akaondoka bila kunywa hata maji ya kwao. Mwezi huohuo alitunga wimbo, wa pekee aliowahi kuutunga maishani, ukarekodiwa mara moja tu kwenye kaseti katika ukumbi mtupu, na haukutolewa katika santuri wala haukupigwa redioni.

Alifika London tarehe 5 Oktoba 1988, kaseti ikiwa katika mfuko wa koti, akaosha vyombo hotelini kwa miaka miwili, na kuanzia 1990 hadi alipostaafu mwaka wa 2022 aliendesha basi, miaka thelathini na miwili, bila kumgonga mtu. Tarehe 20 Julai 1991 alifunga ndoa na Gakii, muuguzi kutoka Meru, na kwa kuwa ushirika wetu wakati huo haukumfungisha ndoa mtu wa nyimbo za dunia, aliitwa mbele ya wazee wiki moja kabla, akaulizwa, "Haya bwana harusi, gita au mke?" Watu wakacheka, naye akacheka nao, akalitoa gita, likauzwa, vikanunuliwa viti vya plastiki, ambavyo yeye mwenyewe alivipanga na kuvipangua kila Jumapili. Habari za kaseti hakuulizwa, naye hakuzitaja. Aliiweka chini ya soksi, na siku za mapumziko aliipeleka kwa Chandrakant, ambaye naye alikuwa amehamia London na kufungua duka Kingsbury, wakaisikiliza nyuma ya duka hilo, mlango umefungwa, kama watu wanaokula mchana wa Ramadhani.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Griffins, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1993, na Wakesho, aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 1996. Mwaka wa 1997 Mkawasi alikuja London kufanya kazi ya kutunza wazee, akapokewa na kaka yake, akawa katibu wa kwaya. Jumapili ya tarehe 14 Machi 1999, siku Hillary alipotimiza miaka arobaini na miwili, kwaya ilikosa kaseti ya kurekodia mazoezi, na Mkawasi akaikumbuka ile ya drooni, isiyoandikwa kitu. Aliona kwamba vile vipande viwili vya plastiki vya mgongoni vilikuwa vimevunjwa, jambo ambalo mtu hufanya ili isirekodiwe juu yake, akajaza karatasi katika matundu, akabandika utepe, akarekodi pande zote mbili. Hakuuliza, kwa sababu wote tulijua kwamba Hillary alikwisha kuziacha nyimbo. Jioni Hillary aliiweka katika redio, akasikiliza mpaka mwisho, akaigeuza, akasikiliza upande wa pili, akasema, "Mmeimba vizuri, dada." Dada huyo ndiye anayesoma mbele yenu.

Tangu siku hiyo redio ya nyumba ile ilitoa habari na hali ya hewa tu, na Griffins, akiwa na miaka kumi na miwili, aliandika katika insha ya shule kwamba baba yake ni mtu asiyependa muziki, mwalimu akampa alama nzuri, nasi tukaibandika kwenye friji.

Tarehe 18 Agosti 2024 Hillary alipatwa na kiharusi kilichomnyima usemi. Muuguzi wake, Madhu, aliona vidole vya mkono wa kushoto vikibonyeza blanketi, vikihama, vikirudi palepale, akamwuliza Griffins kama baba yake alikuwa mpiga gita, na Griffins akamjibu kwa Kiingereza kwamba la, hapana, alikuwa dereva. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri.

Kamati ya mazishi ilipokutana, ilifikia ule mstari wa ratiba usemao wimbo alioupenda marehemu, na mmoja wetu akasema, "Wekeni wowote, bora tunaujua sote." Mkawasi, ambaye siku ya msiba Chandrakant alikuwa amemweleza kilichokuwa katika kaseti ile, alikataa, akaenda Kingsbury kumwomba Chandrakant auimbe ule wa kaseti, na Chandrakant akamwambia, "Mwanzo ninao, dada, hata kile kikohozi chake kabla ya kuanza ninacho, lakini katikati kumenitoka, na wimbo wa mtu hauimbwi nusu." Kwa hiyo mstari huo mnaouona mtupu katika ratiba si kosa la mpiga chapa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa Madhu, aliyeuliza swali ambalo sisi wa nyumbani hatukuliuliza kwa miaka ishirini na sita. Tunawashukuru majirani wa Kilburn kwa chai na viti, na madereva wenzake waliokuja na sare zao. Tunaushukuru ushirika kwa nyimbo mtakazoimba leo, nasi tutaitikia.

Kaka Hillary, pumzika kwa amani, na huko uendako asiwepo wa kukuchagulia wimbo.