Ragna Thorvaldson, Aliyetufundisha Kuanguka (1936–2019)

Marehemu Ragna Thorvaldson alizaliwa nyumbani kwao Birkivik, upande wa magharibi wa Ziwa Winnipeg, tarehe 9 Novemba 1936. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Eyjolfur Eyjolfson na mkewe Gudny. Shingo alikaza mapema na kuketi aliketi kwa wakati wake, lakini kutambaa alikataa. Alisota. Alisota jikoni, akasota kanisani katikati ya mabenchi, na alipofika mwaka na miezi mitatu mama yake akaanza kuingiwa na wasiwasi. Bibi yake alimtuliza: “Mwache. Huyu ni askofu, anangoja wa kumbeba.”

Februari 1938 baba yake alimchukua ziwani alikokuwa akivua kupitia matundu ya barafu, akamweka chini kando ya kiti cha jikoni alichokuwa akikalia. Mtoto akakishika kile kiti, akasimama dede. Kiti kikateleza, naye akakifuata. Hivyo hatua zake za kwanza alizipiga juu ya barafu, na sakafu ya nyumbani ilikuja baadaye. Desemba hiyo, siku ya kufungua barafu, yaani kijiji kinapoingia barafuni mara ya kwanza kwa msimu, ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Kama desturi yetu ilivyo, alivuka ghuba ya ziwa pamoja na mzee kuliko wote anayeweza bado kusimama kwenye viatu vya barafu, vile vyenye bapa la chuma chini, wawili wakisukuma kiti kimoja. Mwaka ule mzee huyo alikuwa mhunzi Hannes.

Alisoma shule ya Birkivik kuanzia 1942, akamaliza sekondari mwaka 1954. Alikimbia kuliko wavulana, lakini kalamu ilimshinda kwa muda mrefu. Mwalimu wake alisema herufi zake zilionekana kama zimeanguka zote pamoja na hakuna iliyojaribu kuinuka. Mwandiko ulikuja kunyooka, na mwaka 1956 aliajiriwa posta ya kijiji, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 1996.

Kazi ambayo wengi tulimjua kwayo haikuwa na mshahara. Kila Jumamosi ya majira ya baridi alifundisha watoto kuteleza barafuni, kila mmoja na kiti chake cha jikoni. Hakumruhusu mtoto kwenda mbele kabla hajajua kuanguka na kuinuka: geuka, goti kwanza, kisha mguu mmoja, kisha mwingine. Wazazi nao walikuwa na sheria yao. Mtoto akianguka, mikono mfukoni. Baba mmoja mgeni kutoka mjini aliwahi kukimbilia mwanawe.

“Bwana! Mikono mfukoni!”

“Lakini analia, mama!”

“Analia kwa mdomo. Magoti yake hayana neno.”

Mtoto aliinuka. Watoto wote wa kijiji walimwita Amma, yaani bibi, hata kabla hajapata mjukuu.

Tarehe 14 Juni 1958 alifunga ndoa na Kristjan Thorvaldson, fundi wa magari, katika kanisa hili la Kilutheri. Walikutana barafuni. Kristjan alikuwa jitu la miaka ishirini na minne lisilojua kuteleza, akaanguka kwa kishindo mbele ya miguu yake.

“Wewe dada, huna huruma?”

“Ninayo. Iko mfukoni.”

Walijaliwa watoto watatu, Valdis, Gunnar na Steinunn. Mzee Kristjan alitutangulia mwaka 2004, na hadi mwisho, barafuni aliweza kugeuka kona upande wa kushoto tu.

Magoti yalipoanza kumsumbua, marehemu alihamishia somo lake kwenye ukumbi wa kanisa. Alitandika mablanketi, akawalaza wazee wenzake chini na kuwafundisha tena kuinuka. “Tofauti yetu na watoto,” aliwaambia, “ni kwamba wenzetu wako karibu na sakafu.”

Tarehe 3 Septemba 2016 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala. Hospitalini Winnipeg alimkuta mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Connie Monkman, mwanafunzi wake wa zamani.

“Amma, leo tunageuka tu kitandani.”

“Kugeuka? Mtoto wa miezi minne anageuka!”

“Basi mshinde.”

Akaanza upya, kwa mpangilio uleule: kugeuka, kuketi, kusimama dede kwa kushika kiti. Jambo moja lilimsukuma. Miongoni mwa walioweza bado kusimama kwenye viatu vya barafu, yeye ndiye angekuwa mkubwa kuliko wote Desemba ya mwaka uliofuata, na mdogo kuliko wote angekuwa kitukuu wake Elin, wa miaka mitatu. Asingeweza kusimama, zamu ingekwenda kwa mwingine. Valdis alimsihi, “Mama, ukivunja nyonga ndiyo basi.” Akajibu, “Na nikikaa tu kitini, ndiyo basi vilevile, ila polepole.”

Jumamosi tarehe 2 Desemba 2017 alivaa viatu vyake. Alfajiri ile Gunnar, kwa kumwonea mama huruma, alikuwa amenyunyiza mchanga katikati ya njia yao ya barafuni, uleule tunaomwaga kwenye ngazi za kanisa ili wazee wasiteleze. Gunnar amefundishwa na mama mwenyewe, anajua kabisa kwamba kiatu cha barafu kikikuta mchanga kinakwama. Siku hiyo mapenzi yalimzidi akili. Kiti kilikwama, viatu vikakwama, Amma na Elin wakaanguka pamoja.

Gunnar alichomoka mbio. Connie akapaza sauti: “Gunnar! Mikono mfukoni!”

Akasimama. Kijiji kizima, mchungaji akiwemo, kikatia mikono mfukoni. Elin aliinuka wa kwanza, akakivuta kile kiti hadi kwa Amma.

“Amma, goti kwanza.”

Akageuka. Akaweka goti. Mguu wa kulia ulikataa, akaujaribu tena, ukakubali. Akasimama dede, akavuta pumzi, akatugeukia.

“Nani amemwaga mchanga kwenye barafu yangu?”

Gunnar akatoa mkono mmoja mfukoni, akaunyoosha kama mtoto wa shule. Kicheko kilisikika hadi posta. Wawili wale wakauzunguka ule mchanga, wakafika ng’ambo.

Mwezi huu wa Aprili aliugua homa ya mapafu. Asubuhi ya tarehe 24 aliinuka mwenyewe kitandani, akaketi dirishani kutazama barafu ya ziwa ikipasuka. Alifariki hapo kitini saa nne, akiwa na miaka themanini na miwili.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na kaka yake Stefan. Ameacha pia watu wengi wa Birkivik wanaojua kuanguka bila kuvunjika.

Familia ina ombi moja. Leo hatainuka mwenyewe. Kwa hiyo, kwa siku hii tu, toeni mikono mifukoni, mje mtusaidie kumbeba.

Apumzike salama hadi siku atakapoitwa kuinuka. Njia anaijua: goti kwanza.