Tandiko la Kitanda la Mwajuma: Risala ya Wamama wa Foaye kwa Kamishna

Mgeni rasmi, Mwananchi Kamishna. Viongozi wa Chama mlioketi mbele. Wamama wenzetu, na ninyi wababa mnaochungulia madirishani:

KARIBU

Tunakukaribisha tena katika foaye yetu, nyumba hii ya wamama ya kushona na kufuma, hapa kambini kwa wafanyakazi wa kiwanda cha shaba, Lubumbashi. Tumesema "tena" kwa maana mwaka jana ulifika, na ziara ile hatujaisahau.

Tuliambiwa risala hii isomwe kwa Kifaransa. Tumeiandika kwa Kiswahili ili kila mama aliyemo humu asikie yanayosemwa kwa jina lake, na pasiwe na haja ya mtu kututafsiria baadaye anavyotaka yeye.

Tuliagizwa pia tupange mezani kazi zetu zote nzuri, watu wako wachague za kupeleka kwenye maonyesho Kinshasa. Mezani umekuta vishikio vya sufuria. Usidhani huo ndio mwisho wa ujuzi wetu.

TULIKOTOKA

Foaye hii waliianzisha wake za wafanyakazi, wengine kutoka Maniema, wengine kutoka Pweto na Kasomeno, waliojikuta majirani wasiojuana. Walianza na kofia za watoto wachanga. Wakaja mapazia, magauni ya komunyo ya kanisani, fulana za sufu za msimu wa baridi. Mashine zetu za kushona ni kuukuu, lakini nyumba nyingi za kambi hii zimevishwa na mikono ya humu ndani.

Tuna desturi moja. Binti wa kambi akichumbiwa, kila mama anafuma mraba mmoja kwa kroshe, ile sindano yenye ndoano, kwa mtindo wake mwenyewe. Miraba inaunganishwa kuwa tandiko la kitanda. Siku ya harusi wakwe wanalitazama na kujua kwamba binti huyu ana watu. Binti asiye na tandiko, wakwe hujiuliza amewakosea nini wamama wa kwao.

YALIYOTOKEA MWAKA JANA

Siku ya ziara yako mvua ilivuja ikalowesha meza yako. Hatukuwa na kitambaa cha kukufaa. Kwa haraka na kwa heshima tukatandika juu yake tandiko la Mwajuma, binti wa Mama Habiba, lililokuwa limekamilika wiki ile. Hilo ni kosa letu, wala hatulisukumi kwa mtu.

Ukalishika, ukasema ni zuri. Mtu wako wa itifaki akaanza kulikunja. Mama Habiba akamwambia:

"Papa, ile haiko ya meza. Iko ya kitanda ya mutoto wangu!"

"Mama, mukubwa ameisifu. Unataka arudishe masifu yake?"

Watu walicheka. Sisi wengine tulikuwa tunaimba na kupiga makofi, kama tulivyofundishwa kufanya mbele ya mgeni. Tandiko likaingia garini huku tunapiga makofi. Mpaka leo Mama Habiba anatuuliza: "Muliona nini ya kushangilia?"

MATATIZO

Mama Habiba alikwenda ofisini kwako. Akaambiwa tandiko limepelekwa kwenye maonyesho. Aliporudi mara nyingine, mtu yuleyule aliyemjibu akamuuliza, "Tandiko gani?"

Baadaye mmoja wetu alipeleka fulana za mtoto nyumbani kwako. Hatutasema aliona nini sebuleni. Tutasema tu kwamba aliutambua mraba alioufuma mwenyewe.

Wakati huohuo shangazi wa bwana harusi alikuja kutoka Pweto na furushi la samaki wakavu. Akaomba kuona tandiko. Tulipomweleza, akatutazama mmoja mmoja. "Kamishna mwenye magari anabeba blanketi ya mutoto? Semeni kweli. Huyu mutoto mulimukatalia tandiko. Alibakosea ninyi nini?" Akaondoka na samaki wake. Harusi imesimama. Mwajuma hapiti tena mbele ya foaye. Huzunguka nyuma ya kisima. Kuna wanaonong'ona kwamba mama yake aliliuza. Tumeanza kuangaliana vibaya, sisi tuliolifuma pamoja.

Utauliza kwa nini tusifume lingine. Duka la Mgiriki limepata mmiliki mpya, na uzi wa pamba haupatikani tena pale. Hata hivyo uzi tungeutafuta. Lakini mraba wa katikati ulifumwa na Mama Bwalya, aliyemzalisha Mama Habiba usiku wa kuzaliwa Mwajuma. Mama Bwalya tulimzika masika haya. Nani atafuma mraba wake?

MAOMBI

Hatuombi mashine mpya. Hatuombi bati la paa, ingawa unaona ndoo ziko wapi. Tunaomba tandiko la Mwajuma lirudi kama lilivyokunjwa, na aliyelikunja aende nalo mwenyewe hadi Pweto, amwambie yule shangazi lilikokuwa.

ZAWADI

Hatutaki uondoke mikono mitupu. Hiki anachokifunua Mama Habiba ni kitambaa cha meza, kipana, cha nyumba yako. Uzi wake tumeufumua kutoka vitambaa vya viti vyetu.

Mwananchi Kamishna, kazi ya kroshe hushikwa na kitanzi cha mwisho. Kisipokazwa, mtu akivuta uzi, yote hufumuka mpaka mwanzo. Kitambaa hiki hatujakikaza. Kroshe imebaki mkononi mwa Mama Habiba, na atakuja kukikaza kwako siku atakayoshika tandiko la binti yake. Wanaokukunjia vitu, waambie wautazame uzi unaoning'inia.

Mungu akulinde njiani, ailinde nyumba yako na vyote vilivyomo, vyako na vya wenzio.

Ni sisi,
Wamama wa Foaye ya Kushona na Kufuma, Kambi ya Wafanyakazi, Lubumbashi