Chujio Lisilo na Nyuki: Kwaheri, Fundi Silvestru

Tarehe 30 Septemba Fundi Silvestru Bârzan atastaafu, baada ya kuitumikia karakana ya Ushirika wa Wafuga Nyuki wa Salcia Mare kwa miaka thelathini na minane. Aliingia na miaka ishirini na saba na nywele nyingi. Anatoka na miaka sitini na mitano, na habari za nywele tuziache.

Alianza kwa kuosha vipuri na kuziba pancha. Baada ya miaka miwili akakabidhiwa injini za dizeli, na hajaziachia tangu siku hiyo. Malori yetu hubeba mizinga na kuhama na maua, kutoka migunga ya Mei hadi alizeti za Julai. Ua la mgunga hudumu siku kumi, na mvua ikinyesha hata kumi hazifiki. Lori likigoma wiki hiyo, mfugaji amekosa asali ya mwaka mzima. Ndiyo maana kila Mei Silvestru alikula chakula cha mchana akiwa amesimama.

Ana udhaifu mmoja, nao tunautaja kwa upendo: anaogopa nyuki. Miaka yote hii, nyuki mmoja akiingia karakanani, Silvestru yuko chini ya lori, na ukimuuliza anakagua giaboksi.

Katika kazi zake zote nachagua moja, kwa sababu nilikuwepo na kwa sababu nilikosea.

Ilikuwa Ijumaa ya Mei, miaka mitatu iliyopita. Paraschiva Dumbravă, mfugaji wa mizinga sitini, alituletea lori la marehemu mumewe aliyefariki Februari ile. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Likipakiwa na kuonyeshwa mlima, lilitoa moshi mweusi tititi na kutambaa kama mgonjwa. Alikuja na mwanawe Costin, ambaye tayari alikuwa na mnunuzi wa kuja Jumatatu. Lori likiuzwa, mizinga nayo ingegawanywa kwa majirani.

"Mama, tulikubaliana," Costin alisema mbele yetu sote. "Likipanda mlima wa Drăgoaia na mzigo, baki nalo. Likishindwa, basi."

"Nilikubali," Paraschiva alijibu. "Waache watu wafanye kazi."

Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuunguzia. Ama mafuta yanaingia mengi mno, ama hewa inaingia kidogo. Silvestru alikuwa shambani kwa mfugaji mwingine, nami, fundi mwenzake, nilikuwa na shahada ya ufundi yenye umri wa mwaka mmoja. Nilifungua chujio la hewa, nikalikuta safi, nikaamua kwamba hewa haina tatizo. Nikaenda kwenye mafuta. Nilifungua nozeli zote sita zinazopuliza mafuta ndani ya injini, nikazikuta nzima. Nikaanza kufungua pampu. Saa nane mchana nusu ya injini ilikuwa juu ya meza, na Costin alikuwa amesimama mlangoni akimweleza mnunuzi kwa simu njia ya kufika.

Silvestru alirudi, akanawa mikono, akapita mbele ya nozeli zangu bila kuzitazama. Aliomba chujio. Akaligeuza, akaligongagonga kiganjani.

"Nyuki wako wapi?"

"Nyuki gani, Mzee?"

"Binti, hili ni lori la nyuki. Kila chujio tunalofungua humu lina konzi ya nyuki waliokufa. Hili ni safi kuliko sahani za mke wangu." Akafikiri kidogo. "Hilo la sahani usimfikishie."

Kama vumbi na nyuki havikufika kwenye chujio, kulikuwa na kitu kilichovizuia kabla. Alipanda ngazi nyuma ya kichwa cha lori, akafungua kofia ya mvua iliyo juu ya bomba la kuvutia hewa. Chini yake kulikuwa na kitambaa cheusi cha kichwani, kimekunjwa mara mbili na kushonwa kuzunguka mdomo wa bomba kwa mishono midogo midogo. Vumbi na chavua vilikuwa vimekigandisha kama mkate mkavu.

Paraschiva aliweka mkono mdomoni.

"Ni mimi," alisema. "Nikiwasha tu, nyuki wanavutwa humo ndani, Mzee Silvestru. Nimeshazika mtu mwaka huu. Nikasema angalau hawa wasife bure."

Costin aliangua kicheko. "Mama! Umeliziba lori pua!"

"Nyamaza wewe," Silvestru alimwambia. "Mshono kama huu ungeuweza? Hata kifungo cha shati lako hapo kimekatika."

Kisha alikata nyuzi moja moja kwa wembe, bila kuchana kitambaa, akakikung'uta, akakikunja na kumrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Hakumwambia kwamba amekosea. Alimwambia kwamba bomba ni jembamba, kwa hiyo huvuta kwa nguvu, na mdomo ukipanuliwa upepo hutulia na nyuki ataweza kuruka zake. Mchana huo akafuma tundu la waya mwembamba, pana kama ndoo, akalifunga juu ya bomba. Mimi nilirudisha nozeli sita mahali pake. Alinishikia taa.

Jumamosi asubuhi tulipakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa mizinga sitini. Paraschiva aliendesha mwenyewe, Silvestru kando yake, mimi na Costin nyuma kwa gari dogo. Costin hakuondoa macho kwenye ekzosi. Palipo na mwinuko mkali ilitoka pumzi moja ya kijivu, kisha hewa tupu. Kileleni alishuka, akamwendea mama yake dirishani.

"Umetumia gia ya ngapi?"

"Ya tatu. Ya kwanza sikuigusa."

Costin akatoa simu, akamwambia mnunuzi asije.

Kadi ya kazi ile ingali kwenye faili. Penye chanzo cha hitilafu Silvestru aliandika: vumbi. Hakuandika kitambaa, wala hakuandika nozeli nilizofungua bure. Kwa miaka mitatu hatukusimulia mambo haya, hadi wiki iliyopita nilipomwomba Paraschiva ruhusa. "Andika," alisema, "ila usisahau kwamba mshono aliusifu."

Mei ya mwaka huu alihamisha mizinga yake mwenyewe tena, na Costin huja kumsaidia kukamua asali. Malori yetu yote kumi na saba yana tundu la waya juu ya bomba.

Fundi Silvestru, asante kwa injini, na asante zaidi kwa jinsi ulivyotuonyesha makosa yetu bila kutuaibisha. Mama Lucreția, asante kwa kutuazima mumeo muda mrefu hivi. Tunakurudishia akiwa mzima. Afya njema, Mzee, na miaka mingi. Jumatatu ulale hadi jua lipande. Karakana tutaifungua sisi.