Dakika ya Arobaini na Moja

Benchi letu lina miguu mitano, kwa sababu seremala aliyelitengeneza aliongeza mguu mpya akauacha ule mbovu uning'inie, kama mgeni aliyeaga akasahau kuondoka. Liko nje ya kibanda changu cha kinyozi, ukuta kwa ukuta na kibanda cha Mawimbi, fundi redio. Saa nne asubuhi muuza kahawa akiweka birika lake chini, tunaacha kazi kwa muda ambao wateja wetu wanaujua na hawaupendi. Yupo Profesa, ambaye si profesa. Alikuwa karani wa posta miaka thelathini, na kwa kuwa alisoma anwani za barua za ulimwengu mzima, anaamini ulimwengu mzima anaujua. Yupo Bi Mafundo, mfumaji wa sweta za wanafunzi, anayekuja na kiti chake cha plastiki kwa sababu benchi letu halimwamini na yeye haliamini benchi. Na siku hizi yupo binti wa kaka yake, anayekaa naye chumba cha nyuma. Tunamwita Sikio, maana kutwa nzima ana hedifoni kichwani: watu wa mbali wanamtumia sauti kwa mtandao, naye anasikiliza na kuandika kila neno kwa Kiingereza.

Asubuhi hiyo Sikio alitoka bila hedifoni. Tukajua kuna jambo.

— Mteja ameniandikia, alisema. Nisomeeni, labda mimi ndiye nimeelewa vibaya.

Profesa akavaa miwani, akaisogeza simu mbali kisha karibu.

— Ameandika maneno machache tu, alisema. "Nimesoma dakika ya arobaini na moja. Una uhakika?"

— Basi mjibu una uhakika, nikasema. Kinyozi akiulizwa ana uhakika na wembe wake, hasiti.

— Wewe nyoa, alisema Profesa. Mimi nimepokea barua za watu hawa kabla hujaota ndevu. Mtu wa huko akikuuliza "una uhakika", ujue ameshakufukuza kazi. Huo ni ustaarabu wao. Hawakwambii toka, wanakuuliza kama mlango umeuona.

Mawimbi alitoa kichwa dirishani, mkononi ana waya wa kuchomelea.

— Huyo si mtu. Siku hizi ni mashine zinazoandika. Inakupima. Ukijibu haraka inajua wewe ni mtu, ukichelewa inajua nawe ni mashine.

— Kwani mashine ina mama? aliuliza Sikio.

Hapo akatueleza kazi yenyewe. Mteja alikuwa mwanamume mtu mzima. Mama yake alifariki mwaka jana. Kabla ya hapo, kila Jumapili, mwanawe alikuwa akikaa naye jikoni na kurekodi masimulizi ya maisha yake: alivyoletwa nchi ya ugenini akiwa bibi harusi, alivyofanya kazi ya kufua nguo hospitalini, alivyomzaa yeye. Sasa yule bwana anataka yote yaandikwe, awape watoto wake kitabu.

— Basi ni kesi ya urithi, alisema Profesa na kushusha kikombe. Maneno ya marehemu. Utaitwa shahidi, binti. Utapanda ndege kwa gharama za mahakama.

— Na akifika huko ataapa kwa lugha gani? aliuliza Mawimbi.

— Atapewa mkalimani.

— Yaani mkalimani wa mwandishi wa maneno?

Wakaendelea hivyo, kahawa ya pili ikamiminwa. Nilimtazama Sikio. Alikuwa hacheki. Bi Mafundo naye alikuwa amemwona, ila sindano zake hazikusimama.

— Mwanangu, alisema, kuna nini dakika ya arobaini na moja?

Sikio akakaa kwenye ncha ya benchi.

— Shangazi, sikusikia.

— Hukusikia nini?

— Sikusikia anachosema. Yule bwana anamuuliza mama yake habari za baba yake. Mama ananyamaza, halafu ananong'ona kwa muda mrefu. Nikarudia mara ishirini. Mwisho nikasikia kama anasema, "Niache, nimechoka na wewe." Nikaandika hivyo.

— Na kama hukusikia, huruhusiwi kuacha wazi?

— Inaruhusiwa. Unaandika kwamba hapa hapasikiki. Lakini shangazi, nikiandika hivyo mara mbili, tatu, watasema Kiingereza changu kibovu. Kuna maelfu wanaoingojea kazi hii. Kwa hiyo tangu nianze, mteja akisema lolote najibu, "Ndiyo, hakuna shida." Hata nisipoelewa. Nabahatisha tu, na mara nyingi nabahatisha vizuri.

Mimi nilikuwa nafikiria yule bwana, amekaa mahali na karatasi zake, akisoma kwamba mama yake alimwambia amechoka naye.

Profesa ndiye aliyeanza.

— Tutamwandikia barua. Lete karatasi. "Mheshimiwa sana, kwa unyenyekevu mkubwa nina heshima ya kukiri kuupokea ujumbe wako uliotajwa hapo juu, na kwa masikitiko yasiyo na kifani..."

— Mwambie mtandao ulikatika, alisema Mawimbi. Sauti ilifika nusu. Mtandao hauna mdomo wa kujitetea.

— Au mwambie uliumwa, nikasema, na hadi leo sijivunii.

Bi Mafundo aliweka sweta mapajani.

— Huyo bwana amepoteza mama, na nyie mnampikia uongo. Mwanangu, ulifanya nini? Andika ulichokifanya. Kiingereza chako kinatosha kusema ukweli. Ukweli hauna maneno mengi.

Sikio aliandika pale pale kwenye benchi. Ilimchukua muda mrefu kuliko barua ya Profesa, ingawa ilikuwa mistari minne. Alitusomea kwa Kiswahili: "Sina uhakika. Sikusikia vizuri, nikabahatisha. Niliona haya kukuuliza. Samahani sana, mama yako huenda hakusema hivyo." Akatuma, akaifunika simu juu ya goti kama mtu anayefunika chungu kisichemke.

Profesa alitikisa kichwa.

— Umejichimbia kaburi, binti. Ila ni kaburi safi.

Jibu lilikuja nikiwa nanyoa. Nilisikia benchi limenyamaza, nikatoka na mashine mkononi, mteja wangu naye akanifuata na kitambaa shingoni, nusu kichwa kimenyolewa. Yule bwana alikuwa ameuliza kama wanaweza kuzungumza kwa sauti.

— Sijawahi kuzungumza nao, alisema Sikio. Naandika tu. Nikizungumza, ulimi unakuwa mzito.

— Uzito wake ataubeba yeye, alisema shangazi yake. Mpigie.

Akaingia kibandani kwa Mawimbi, ambako hakuna kelele za barabara, sisi tukabanana mlangoni. Kabla ya yote akamwambia yule bwana kwamba hayuko peke yake, kwamba nje wapo shangazi yake na majirani, na kama hapendi atawaomba waondoke. Ilibidi alirudie lile neno la majirani mara mbili. Bwana akasema wabaki. Sauti yake ilikuwa ya polepole, ya mtu aliyezoea kusubiri. Maneno yake nitayasema kama Sikio alivyotufasiria.

Alisema: "Mama yangu alikuwa akisema 'ndiyo, ndiyo' kila mahali. Dukani, kwa daktari, kwa mwalimu wangu. Hakuwa akielewa nusu yake, lakini aliona haya kuuliza. Nami nilikuwa mtoto, nikamwonea haya yeye. Uliponiandikia leo, nilimkumbuka. Kwa hiyo sijakasirika."



Kisha yule bwana akasema jambo ambalo alilisema kwa shida. Ule mnong'ono anaujua tangu utotoni. Kila alipomwendea mama yake na maswali, hasa maswali ya baba, mama aliinamisha kichwa na kunong'ona hivyo, kwa lugha ya kwao ambayo hakumfundisha. Miaka yote aliamini kwamba ananung'unika juu yake. Ndiyo maana aliposoma yale maneno, "nimechoka na wewe", alikaa siku tatu bila kuandika. Alidhani hatimaye kuna mtu amemfasiria.

Sikio akauliza. Nasema akauliza, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza nilimwona akimuuliza mteja kitu:

— Naruhusiwa kuwasikilizisha hawa? Fundi hapa anajua kusafisha sauti.

Bwana akaruhusu. Mawimbi, ambaye asubuhi nzima alikuwa akisema mtu huyo ni mashine, alifuta mikono kwenye suruali, akaunganisha laptopu ya Sikio na spika yake kubwa, akazungusha vifundo kimoja kimoja mpaka mvumo ukapungua. Jiko la mtu tusiyemjua likajaa kibandani. Saa ya ukutani. Maji yakidondoka. Sauti ya yule bwana ikimuuliza mama yake swali. Halafu mnong'ono.

— Ni dua, alisema Profesa kwa sauti ya chini.

— Analia, nikasema mimi.

— Rudisha, alisema Bi Mafundo.

Mawimbi akarudisha.

— Rudisha tena. Nyamazeni.

Alikuwa amefumba macho, na vidole vyake vinatembea hewani bila sindano. Mara ya nne akaanza kutikisa kichwa: moja, moja, moja, kituo, moja, moja, moja, kituo.

— Lugha hiyo siijui, alisema. Lakini huyo mama hasemi na mtu. Anahesabu. Msikilizeni: anakwenda, anakwenda, anafika mwisho wa mstari, anageuza. Na huo mlio unaogonga si saa, ni sindano. Anafuma. Mtu akikusemesha katikati ya mstari huwezi kumjibu, utapoteza hesabu. Mimi huyu binti namfanyia hivyo kila siku, muulizeni. Hunong'ona ili nimalize, nimsikilize vizuri.

Sikio alimweleza yule bwana. Alitafuta neno la kufuma, hakulipata, akasema, "Kutengeneza nguo kwa sindano mbili, kwa mkono." Bwana akalitaja neno lenyewe. Kisha simu ikawa kimya, tukadhani imekatika. Mawimbi alinyoosha mkono kuikagua, Bi Mafundo akamzuia.

Bwana aliporudi, sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema mama alikuwa na kapu la nyuzi chini ya kiti, miaka yote. Alisema alikuwa akiondoka jikoni kabla hajamaliza kunong'ona. Alikuwa akiuliza, anasubiri kidogo, anakasirika, anatoka. "Nisikilizishe mbele," alimwomba Sikio. "Baada ya hapo."

Mawimbi akaachia sauti iendelee. Mnong'ono ukaisha, mlio wa sindano ukakoma, na mama yule akasema kwa Kiingereza rahisi, tena wazi kabisa, hata mimi nilielewa: "Haya. Baba yako. Kaa, nikwambie."

Siku hiyo, kumbe, bwana hakutoka jikoni kwa sababu ya kurekodi; jibu alilisikia, ila hakuwahi kulihusisha na ule mnong'ono.

Alimshukuru Sikio, akaomba kuzungumza na shangazi. Bi Mafundo hana Kiingereza. Akashika simu kwa mikono miwili, akasikiliza maneno asiyoyaelewa mpaka mwisho, wala hakusema ndiyo. Akamgeukia Sikio:

— Anasemaje?

— Anasema ahsante kwa kumrudishia mama yake.

— Mwambie ahsante yeye, kwa kumvumilia mwanangu. Wengine wangemfungia mlango.

Sikio akafasiri, na safari hii ulimi wake haukuwa mzito, au ulikuwa mzito kwa sababu nyingine.

Tuliporudi kwenye benchi kahawa ilikuwa imepoa, muuza kahawa akatumiminia mpya bila kuulizwa. Profesa alivua miwani akaifuta muda mrefu.

— Miaka thelathini nimepitisha barua za watu, alisema, na sikuwahi kuona moja inasomwa.

Bwana alikuwa ameshatuma ujumbe wa mwisho. Ameomba Sikio aandike kitabu chote, na pasiposikika paachwe wazi, ili yeye na watoto wake wakae wapasikilize pamoja. Sikio alimsomea shangazi yake mara mbili. Bi Mafundo aliokota sweta, akatazama sindano, akakuta hesabu imempotea. Akafumua mstari mzima, na sijapata kumwona mtu akifumua kazi yake kwa uso ule wa furaha.

— Shangazi, ahsante, alisema Sikio.

— Subiri nimalize mstari, alisema Bi Mafundo.

Tulicheka, na yule mteja wangu wa nusu kichwa, ambaye hakuna aliyemjua jina na ambaye siku hiyo ndiyo alikanyaga mtaa wetu kwa mara ya kwanza, alikohoa kidogo.

— Samahani, mimi mgeni hapa. Yule mama alikuwa akifuma nini?

Profesa alifungua mdomo kusema sweta, akaufunga. Mawimbi alimtazama Bi Mafundo, Bi Mafundo akatutazama sisi. Mistari inahesabika, alisema, lakini mistari haisemi ni ya soksi au ya blanketi, wala ni ya nani.

— Sijui, alisema Sikio.

Akatoa simu.

— Ngoja nimuulize.