Tela Lisilo na Ng'ombe

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Kicheko changu mnakijua, lakini leo mnivumilie, maana habari yenyewe haichekeshi.

Nilikuwa fundi wa matela ya ng'ombe. Kutoka Unyambwa hadi Itigi, ng'ombe ambaye hajavuta tela langu alikuwa bado yumo tumboni mwa mama yake. Kisha yakaja maguta, zile pikipiki za magurudumu matatu za kubebea mizigo, wateja wakayeyuka. Nami ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya jioni, najiona profesa. Nikachukua injini ya pikipiki kuukuu, nikaifunga kwenye tela. Ndugu zangu, nawaambia, mlio wake uliamsha mkoa mzima! Nikalijaribu pale tambarare. Ukizima injini, linasimama lenyewe.

Sasa, tela la ng'ombe halina breki. Kwenye mteremko ng'ombe wenyewe hukaza miguu wakalizuia. Miaka yote nilitegemea miguu ile, na ng'ombe nimeshawaondoa.

Siku ya kuleta alizeti, mke wangu alikaa juu ya magunia. Tukafika mteremkoni.

"Zima!" akapiga kelele.

"Nimezima!"

Jiwe ndilo lililotusimamisha. Mguu wake wa kulia ulikatwa hospitali, juu ya goti.

Nikafunga karakana. Nikanywa kila kinachonyweka. Nikipita njiani nasikia, "Yule ndiye aliyemkata mkewe mguu." Nilitamani kufa, na hapo siongezi chumvi kama kawaida yangu.

Asubuhi moja akaja na magongo yake mpaka nilipolala.

"Baba watoto, nataka kwenda mnadani."

"Nitakukodia guta."

"La mtu sipandi. Tengeneza lako. Uanze na breki."

Nikalia. Nikaenda Itigi kwa fundi mmoja wa magari, akanifundisha breki bila kunidai hata soda. Guta lilipokamilika, mke wangu akataka mteremko uleule. Nikasema nitangulie peke yangu, akakataa, akapanda. Katikati nikakanyaga. Likasimama. Nikageuka, nasubiri aseme neno.

"Simamisha tena," akasema.

Asanteni mliombeba siku ile ya ajali juu ya mlango kama machela, nawe fundi wa Itigi popote ulipo. Ukiunda kitu, usiwaulize wanaokusifia barabarani. Muulize aliyekaa nyuma. Mke wangu ndiye yule pale mbele. Hakuna guta linalotoka kwangu kabla hajalipanda, tukalisimamisha mteremkoni mpaka achoke. Na hachoki, ndugu zangu. Hachoki.